Namba ya kituo cha Kalya ifike Dodoma ikiwa ile ile

Julai 20, 2024 Kigoma ilipata heshima isiyoizoea, ya kuanza. Lami ilichelewa kutufikia, umeme wa gridi ulichelewa, reli mpya bado tunaisubiri. Lakini uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa hapa hapa kwetu na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na kwa siku saba sisi, Tabora na Katavi tukawa mbele ya nchi nzima.

Nilipanga foleni kwenye shule moja ya msingi Ujiji, nyuma ya vijana wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 na lisingefunguliwa mpaka Agosti 15, kwa hiyo wavuvi walikuwa nchi kavu. Hata lisingefungwa, wiki ile mwezi ulikuwa mpevu, na dagaa hawavuliwi kwa taa mbalamwezi ikiwa imewaka juu. Foleni ikajaa watu ambao kwa kawaida daftari huwakosa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, nadhani. Ratiba za uchaguzi hupangwa kwa kalenda ya ofisini, na kalenda hiyo ina miezi kumi na miwili lakini haina mwezi hata mmoja wa angani.

Mwendesha kifaa alikuwa binti wa umri wa mwanangu. "Baba, bonyeza kidogo. Usitetemeke." Akachukua vidole, akanipiga picha, na dakika chache baadaye nikatoka na kadi mpya, ile ambayo mitaani tunaiita kichinjio. Waliokuwa na kadi tayari waliweza hata kuanza kurekebisha taarifa zao kwa simu, wakaja kituoni kumalizia tu. Ukweli usemwe, mambo yalikwenda vizuri.

Nimeyaweka hayo mbele nisije nikaambiwa sioni jema. Lakini nyumba yetu ya uchaguzi imetiwa mlango wa mbele wa mninga, wa nyuma ukaachwa na gunia. Kila tunapotangaziwa kwamba usimamizi wa uchaguzi umekuwa wa kisasa, kinachotajwa ni jinsi raia anavyoingia kwenye daftari. Jinsi kura yake inavyotoka kituoni, tuseme kijijini Kalya huko mwambao wa kusini wa mkoa wetu, na kuwa namba inayosomwa Dodoma, hapo hatujagusa.

Alama za vidole tulianza kuchukuliwa kwa uchaguzi wa 2015. Daftari lilikuwa na watu takribani milioni 23 mwaka ule, zaidi ya milioni 29 mwaka 2020, zaidi ya milioni 37 tulipoingia uchaguzi wa 2025. Vidole vile vina kazi yake: vinamnasa aliyejiandikisha mara mbili. Siku ya kupiga kura vinalala. Unafika kituoni, karani anatafuta jina kwenye daftari la karatasi, anatazama picha, anatazama uso, unachovya wino. Ghana humtambua mpiga kura kwa kidole tangu 2012, na Kenya wana kifaa chao. Sisi tumenunua kufuli la gharama, ufunguo tukauacha dukani.

Na hata miezi mitatu haijaisha tangu binti yule anishike kidole, Oktoba 2024 tukaandikishwa tena. Safari hii ni kwa ajili ya serikali za mitaa, kwa kalamu, kwenye orodha nyingine kabisa, chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Namba 2 ya 2024, iliweka uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji katika kazi za Tume, ila kwa utaratibu wa sheria nyingine ambayo Bunge lingeitunga. Haikutungwa kwa wakati, na Novemba 27 tukapiga kura kwa utaratibu wa zamani. CCM ikachukua karibu asilimia 99 ya viti. Mtu mmoja, kijiji kimoja, mwaka mmoja, madaftari mawili yasiyosalimiana. Sijui huo usasa ni wa aina gani.

Sasa nirudi kwenye mlango wa nyuma, kwa kuwa nimewahi kusimama hapo.

Mwaka 2015 nilikuwa msimamizi wa kituo katika kijiji kimoja cha mwambao wa kusini, huko ambako boti ndiyo basi. Kituo kilikuwa darasa la tatu, vituturi, vile vibanda vya kupigia kura kwa siri, vimepangwa juu ya madawati. Saa kumi jioni tulifunga, waliokuwa kwenye foleni wakamalizia. Tukahesabu kwa taa ya sola iliyokuwa ikififia. Natoa kura, naikunjua, nawaonyesha mawakala, naisoma, naiweka kwenye fungu lake. Hakuna aliyepandisha sauti. Wakala wa chama kimoja alikuwa mvuvi, mzee kwangu, akichora vijiti vitano vitano nyuma ya daftari la shule la mwanawe. Hesabu yake na yangu zikapishana kwa kura moja. Tukalirudia fungu lile, nikakuta aliyekosea ni mimi.

Kisha zikaja fomu. Ya Rais, ya mbunge, ya diwani, kila moja na karatasi za kunakili chini yake. Kalamu yangu haikuwa na nguvu ya kufika chini. Ya juu ikaingia kwenye bahasha, nyingine ikaenda mlangoni, mawakala wakagawana zilizofuata, na yule mzee akaangukiwa na ya mwisho kabisa: mistari inaonekana, namba hazionekani.

"Mwalimu, hii imeandikwa na nani? Na jini?"

"Samahani, mzee wangu. Karatasi ndizo hizi tulizopewa."

Nikampa kalamu akakoleza namba mwenyewe, moja baada ya nyingine, nami nikatia saini pembeni, jambo ambalo hakuna aliyetufundisha kwenye semina. Ile ya mlangoni niliibandika kwa uji wa unga, maana gundi ilikuwa imeisha. Kwetu Oktoba mvua zinaanza. Alfajiri tulipokuwa tunapakia masanduku kwenye boti, nusu ya chini ilikuwa imelowa na kujikunja.

Kwa vituo nilivyovisimamia au kuvikaribia, mpaka lakiri ya mwisho inafungwa, kazi ilikuwa safi kuliko inavyosimuliwa vijiweni. Watu wanaojuana, wanaozikana, wamekaa chumba kimoja wanahesabu kwa sauti. Kudanganyana hapo ni kazi ngumu. Shida inaanza pale karatasi inapoondoka mbele ya macho ya waliohesabu. Kutoka hapo mpaka kituo cha majumuisho, na kutoka jimboni mpaka Dodoma, mvuvi yule hana pa kuchungulia. Matokeo ya Rais anatangaziwa jimbo kwa jimbo, yakiwa yameshajumlishwa. Kituo chake kimeyeyuka humo ndani kama chumvi kwenye mchuzi.

Watu wa Kigoma hatuzungumzi haya kwa kuyasoma. Huu mkoa umeishi na masanduku ya kura kwa karibu kuliko mikoa mingi. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 ulikuwa miongoni mwa ya kwanza baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alitangazwa kushindwa, akaenda mahakamani, na uchaguzi ukatenguliwa. Mahakama ya Rufani nayo ikakubali, ikiwa imetazama pamoja na mambo mengine jinsi Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya umma, ilivyoelemea upande mmoja. Wanasheria wanaitaja kesi hiyo mpaka leo. Mwaka 1995 Kabourou akaingia bungeni. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne nchi nzima, na yote manne yalikuwa ya mkoa huu.

Halafu 2015, Kigoma Kusini, jimbo lenye Kalya na vijiji vingi vya mwambao. David Kafulila, aliyekuwa mbunge wake, alifungua shauri kupinga matokeo, na mabishano yakazunguka fomu hizo hizo za vituoni, zile zinazojulikana kama 21B. Mahakama Kuu ililitupa shauri hilo mwaka 2016. Simrudishi mtu mahakamani. Ninachokiona ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la kujumlisha, la mtoto wa darasa la nne, na likahitaji mawakili na miezi. Fomu zote za jimbo zingekuwa zimewekwa hadharani usiku ule ule, kila mtu mwenye kikokotoo kwenye simu angekuwa na jibu kabla ya chai ya asubuhi, na yeyote ambaye angeshindwa angejua ameshindwa.

Hapa kuna jambo linanikera kuliko yote. Daftari la awali la wapiga kura hubandikwa. Jina langu linatundikwa ukutani wiki nzima ili jirani alisome na, akitaka, aweke pingamizi kwamba mimi si raia. Kwa Kigoma hilo si jambo la kinadharia. Hapa tuna Burundi upande mmoja na Kongo ng'ambo ya maji, tuna kambi ya Nyarugusu ndani ya mkoa, na Muha mwenye lafudhi nzito anaweza kuulizwa babu yake alizaliwa wapi na mtu ambaye wa kwake hajui. Sawa, uwazi ni uwazi. Lakini kama uraia wangu unaweza kuanikwa kwa wiki nzima ukaguliwe na kila apitaye, kwa nini fomu ya matokeo ya kituo changu ibandikwe mara moja, kwa uji wa unga, usiku?

Wapo watakaosema mwamuzi ndiye tatizo, fomu ni mambo madogo. Wana hoja. Kwa miaka mingi msimamizi wa uchaguzi jimboni alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais ambaye naye ni mgombea au mwenyekiti wa chama chenye mgombea. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alilipeleka hilo mahakamani. Mahakama Kuu ikampa ushindi Mei 2019, Mahakama ya Rufani ikautengua Oktoba mwaka huo huo, na Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikasema utaratibu ule unakiuka Mkataba wa Afrika. Sheria za uchaguzi za 2024 zikabadilisha maneno: sasa Tume inateua kutoka kwa watumishi waandamizi wa umma. Mtumishi mwandamizi wa umma katika wilaya ya Uvinza ni nani? Mara nyingi ni yule anayekaa ofisi ya pili kutoka kwa mkurugenzi, na likizo yake inasainiwa na mkurugenzi. Tume inaazima watu, na mtu wa kuazima hujua atarudi kwa nani.

Sheria hizo zilileta na mazuri. Kamati ya usaili ya wajumbe wa Tume inaongozwa na Jaji Mkuu. Mgombea pekee hapiti tena bila kupingwa, anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Nayapongeza na kupita.

Na kuna ukuta ambao sheria ya kawaida haiwezi kuupanda: Ibara ya 41(7) ya Katiba, inayosema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Diwani wa kata yangu naweza kumshitaki, mbunge naweza. Kabourou alituonyesha njia. Rais hapana. Mahakama ile ile ya Arusha ilisema Julai 15, 2020, katika shauri la Jebra Kambole, kwamba ibara hiyo inavunja haki. Ibara ipo.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sitaisimulia kirefu. Kuna waliozika, na Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliundwa kuyachunguza yaliyotokea. CHADEMA hawakuwemo kwenye karatasi ya kura, tangu walipokataa kusaini kanuni za maadili mwezi Aprili. Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, alienguliwa, akarudishwa na mahakama, akaenguliwa tena. Intaneti ikazimwa siku ile ya kura, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Simu yangu ikawa tochi na saa tu. Novemba 1 tukasikia kutoka Dodoma: Rais Samia Suluhu Hassan asilimia 97.66, na waliojitokeza karibu asilimia 87 ya walioandikishwa. Waangalizi wa SADC walisema wapiga kura hawakuweza kueleza utashi wao wa kidemokrasia; Serikali ikayakataa hayo. Nilimsikiliza jirani yangu anayeziamini namba zile kwa moyo wote, na mwingine asiyeziamini hata nukta yake. Wote wawili walikuwa wanabishana kwa imani, kama mashabiki wa Simba na Yanga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na karatasi ya kumwekea mwenzake mezani.

Ndiyo maana nikisikia mtu anapendekeza sasa twende kwenye mashine za kupigia kura, nashika kichwa. Mwaloni Kibirizi wafanyabiashara wa Kalemie hawajaisahau hadithi ya kwao. Kongo waliingiza mashine katika uchaguzi wa Desemba 2018, ubishi haukupungua hata kidogo. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2023 tume yao ililazimika kufuta kura za wagombea kadhaa kwa madai yakiwemo ya kukutwa na mashine isivyo halali. Ujerumani, taifa la wahandisi, Mahakama yao ya Katiba ilikataa kompyuta za kupigia kura walizokuwa wametumia, Machi 2009, kwa sababu nyepesi inayoeleweka hata Kalya: raia wa kawaida lazima aweze kuhakiki mwenyewe bila kuwa fundi. Karatasi ina sifa hiyo. Mvuvi wangu na vijiti vyake vitano vitano aliweza kunisahihisha. Mashine asingeisahihisha.

Kinachostahili kuwa cha kisasa ni safari ya karatasi hiyo. Kenya wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu yao ilifuta uchaguzi wa Rais, na usafirishaji wa matokeo ulikuwa katikati ya sababu. Mwaka 2022 tume yao iliweka picha ya kila fomu ya kituo, vituo zaidi ya 46,000, kwenye tovuti ambayo mtoto wa shule angeweza kuifungua. Vyombo vya habari vikajumlisha, wapinzani wakajumlisha, wanafunzi wakajumlisha kwa kujifurahisha. Raila Odinga bado alikwenda mahakamani na akashindwa, na makamishna wenyewe waligawanyika vibaya, kwa hiyo sisemi wameingia peponi. Ila ugomvi wao ulikuwa juu ya karatasi zilizokuwa zinaonekana.

Tanzania vituo vya 2025 vilikaribia laki moja. Ni picha laki moja za fomu ya Rais. Kwa Tume iliyoweza kukusanya nyuso na vidole vya watu zaidi ya milioni 37, hiyo ni kazi ya mkono wa kushoto.

Nitaambiwa mwambao hauna mtandao. Ni kweli, kuna vijiji ambako ukitaka kupiga simu unapanda mlima. Lakini picha haihitaji kutumwa saa ile ile. Ipigwe kituoni mbele ya mawakala, ikae kwenye kifaa, itumwe boti ikifika penye minara. Ikichelewa siku mbili hakuna ubaya. Haiwezi kubadilika njiani kwa kuwa mawakala nao wanayo kwenye simu zao. Na ikitokea siku nyingine mtu akabonyeza swichi ya intaneti, picha zitasubiri. Tume ichapishe hata kitabu, kila halmashauri ipelekewe nakala, kikae maktaba pale Kigoma mjini. Nitakwenda kwa miguu kukisoma.

Nitaambiwa na wa upande wa pili kwamba bila Katiba mpya haya yote ni kupaka rangi ngalawa iliyotoboka. Hoja hii naiheshimu, na kwa Ibara ya 41(7) wako sahihi kabisa. Lakini nimekuwa nikisikia "Katiba mpya kwanza" tangu Jaji Warioba akusanye maoni, na kila uchaguzi umetukuta tukiwa bado kwenye "kwanza". Picha ya fomu haihitaji Katiba. Haihitaji hata Bunge. Tume ina mamlaka ya kutunga kanuni zake, na kanuni ya mistari mitatu inatosha: ipigwe, ichapishwe, na jumla ya jimbo isitangazwe kabla fomu zote za vituo hazijaonekana. Mfumo mzuri juu ya mwamuzi mbaya hautamgeuza kuwa mwema, nakubali. Utamfanya tu afanye ubaya wake mchana.

Mtu wa mwisho kunipinga alikuwa rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi za uchaguzi ngazi ya kata. "Mwalimu, unataka kutuongezea kazi saa nane usiku, watu wamechoka, hawajalipwa posho?" Hilo nililikubali papo hapo. Posho ilipwe kabla, mahesabu yafanyike kwa taa inayowaka, na kalamu ziwe za kufika nakala ya mwisho. Haya nayo ni usimamizi wa uchaguzi, ingawa hayapewi uzinduzi wala ngoma.

Hatuna sababu ya kungoja 2030. Diwani mmoja akifariki au akijiuzulu mahali popote katika mkoa huu, kutakuwa na uchaguzi mdogo wa kata, vituo vichache tu. Tume ianzie hapo. Kifaa kile kilichoninyooshea kamera Ujiji Julai 2024 kiko stoo mahali fulani. Kitolewe, kichajiwe, kielekezwe kwenye karatasi.